Santuri za Ng'ambo ya Tunduma: Shaba, Mpaka na Albamu za Roki za Zambia

Historia ya muziki wa roki katika Afrika ya Mashariki na Kati haielezeki vizuri bila kuutazama mpaka wa Tanzania na Zambia, kwa sababu katika miaka ya 1970 pande mbili za mpaka huo zilifuata njia mbili tofauti kabisa za kutengeneza na kusambaza muziki, ingawa watu wake walikuwa ndugu, barabara yao ilikuwa moja, na reli iliyokuwa ikijengwa ilikuwa mali ya nchi zote mbili. Upande wa kusini, vijana wa miji ya migodi walirekodi albamu nzima za roki, yaani muziki unaoongozwa na magitaa ya umeme, dramu na sauti iliyokuzwa kwa makusudi hadi ikakwaruza, wakazitoa kwa fedha zao au za wafanyabiashara wa mjini kwao bila kusubiri kampuni kubwa ya ng'ambo. Upande wa kaskazini, wenye Tunduma, Vwawa na vijiji vya kahawa vya Mbozi, muziki wa vijana wa taifa ulirekodiwa kwenye utepe wa redio ya serikali na kwa sehemu kubwa ulibaki huko. Tofauti hiyo haikutokana na masikio ya watu, kwa maana vijana wa Dar es Salaam walipenda magitaa ya umeme kama walivyoyapenda wenzao wa Kitwe. Ilitokana na shaba, mitaji na sera, na albamu za kundi la WITCH la Kitwe ndizo zinazolidhihirisha jambo hilo kuliko nyingine yoyote.

Mkoa wa Songwe wenyewe ni mchanga, kwani uliundwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya na makao yake makuu kuwekwa Vwawa, lakini nchi inayoitwa leo kwa jina hilo ina historia ndefu ya kupokea na kupeleka watu kusini. Mstari waliokubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, na ambao maofisa wao waliupima ardhini miaka michache baadaye, uliwagawa Wanyamwanga, ambao hadi leo wanaishi Momba kwa upande wa Tanzania na Nakonde kwa upande wa Zambia, huku Wanyiha wa Mbozi na Wandali wa Ileje nao wakiwa na jamaa ng'ambo. Migodi mikubwa ya Ukanda wa Shaba, yaani Roan Antelope ya Luanshya, Nkana ya Kitwe na ile ya Mufulira, ilipoanza kuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1930, wanaume wa nyanda hizi za mpakani walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuuza nguvu zao huko. Mwanaanthropolojia William Watson, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu Wamambwe, ambao ni majirani wa Wanyamwanga, alionyesha kwamba safari hizo za kazi hazikuvunja jamii ya nyumbani kama wengi walivyodhani, bali mtu aliweza kuwa mchimba shaba kwa miaka kadhaa na bado akawa na shamba, ukoo na cheo kijijini. Aliporudi, alirudi na fedha, nguo, baiskeli na pia nyimbo.

Hata hivyo, muziki wa kwanza wa kisasa uliovuka mpaka huu kwa nguvu haukutoka kusini kwenda kaskazini. Ulikwenda kinyume chake. Ngoma ya beni, ambayo ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi za Wazungu, sare zao, vyeo vyao na gwaride lao, ilienea Tanganyika yote na kisha, kama mwanahistoria Terence Ranger alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1975, ikabebwa na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia hadi Rhodesia ya Kaskazini, kama Zambia ilivyoitwa wakati huo. Eneo la Tunduma lilikuwa katikati ya mkasa huo, kwa kuwa mwanzoni mwa Novemba 1918 jeshi la Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck liliishambulia kambi ya Waingereza ya Fife, ambayo iko jirani na Nakonde ya leo, kabla ya kuteremka hadi Kasama na hatimaye kusalimu amri Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba. Vita vilikwisha, lakini ngoma ilibaki. Katika migodi ya shaba ilijulikana kama mbeni, na wachimbaji walipogoma mwaka 1935 kupinga kodi mpya, tume ya uchunguzi ya serikali ya kikoloni ilichunguza pia vyama vya mbeni, kwa kushuku kwamba watu waliozoea kupanga gwaride la ngoma wangeweza vilevile kupanga mgomo. Miaka ishirini na moja baadaye J. Clyde Mitchell aliandika juu ya kalela, ngoma ya Jumapili ya wafanyakazi wa Ukanda wa Shaba, na akaona ndani yake mabaki ya beni ileile ya pwani. Wanaoandika historia ya roki ya Zambia kwa kuanzia na santuri za Waingereza peke yake huisahau hatua hii, na kwa kuisahau hushindwa kueleza ni kwa nini vijana wa migodini walikuwa tayari wana desturi ya kuunda kundi, kulipa jina la ajabu, kulishonea mavazi yake na kushindana na makundi mengine mbele ya umati.

Chombo cha pili kilichoandaa njia kilikuwa redio. Kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha za Kiafrika kwa mawimbi mafupi, yaani mawimbi yanayosafiri mbali kwa kudunda angani, na mwaka 1949 ilianza kuuzwa redio ya betri ya bei nafuu iliyotengenezwa mahsusi kwa wasikilizaji Waafrika, yenye umbo la sufuria na bei ya pauni 5. Mawimbi mafupi hayana forodha, na msikilizaji wa Mbozi au Ileje mwenye redio ya namna hiyo aliweza kupokea Lusaka kama alivyopokea Dar es Salaam. Kwa hiyo, Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, tayari kulikuwa na kizazi cha mijini kilichozoea kusikia gitaa likitoka kwenye sanduku, na rais wa taifa hilo jipya, Kenneth Kaunda, mzaliwa wa Lubwa katika wilaya ya Chinsali iliyo kwenye njia ya kutoka Tunduma kwenda Lusaka, naye alijulikana kwa kupiga gitaa na kuimba.

Shaba ndiyo iliyogeuza usikilizaji kuwa utengenezaji. Katika miaka ya kwanza ya uhuru zaidi ya tisa ya kumi ya fedha za kigeni za Zambia zilitokana na madini hayo, na serikali, kwa mageuzi yaliyotangazwa Mulungushi mwaka 1968 na Matero mwaka 1969, ilichukua asilimia 51 ya hisa za makampuni makubwa na kisha za migodi yenyewe. Mishahara ya wachimbaji ilikuwa mizuri kwa kipimo cha Afrika ya wakati ule, nyumba za migodi zilikuwa na umeme, na kumbi za ustawi zilizojengwa na makampuni kwa ajili ya burudani ya wafanyakazi zilikuwa na jukwaa na sakafu ya dansi. Gitaa la umeme ni chombo cha gharama, na gharama hiyo haiishii kwenye gitaa lenyewe, kwa kuwa linahitaji kikuza sauti, spika, nyaya, fundi na chanzo cha umeme kisichokatika katikati ya wimbo. Kitwe ya mwaka 1970 ilikuwa na vyote hivyo, wakati kijiji cha kahawa cha Mbozi hakikuwa na hata kimoja.

Katika mazingira hayo ndipo kundi la WITCH lilipozaliwa kutokana na makundi madogo ya vijana wa Kitwe. Jina lake ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba wamekusudia kuzua vurugu, na mwimbaji wake, Emanyeo Chanda, aliitwa Jagari kwa kumfananisha na Mick Jagger wa Rolling Stones, ingawa yeye alikuwa mtoto wa Kasama, mji wa kaskazini ambao baadaye reli ya kutoka Tunduma ingeupitia. Pamoja naye walikuwa Chris Mbewe katika gitaa la solo, John Muma katika gitaa la kati, Gedeon Mulenga katika besi, Boidi Sinkala katika dramu na Paul Mumba katika kinanda cha umeme. Walianza kama makundi mengine yote, kwa kupiga nyimbo za wengine, na sifa yao ilitegemea jinsi walivyoweza kuzitoa nyimbo hizo kama zilivyosikika kwenye santuri.

Albamu yao ya kwanza, Introduction, iliyotoka mwaka 1972, ndiyo inayohesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya kibiashara ya kundi la Kizambia. Neno albamu linahitaji ufafanuzi hapa, kwa sababu tofauti yake na santuri ndogo ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Santuri ndogo ya inchi saba hubeba wimbo mmoja kila upande na huuzwa kwa nguvu ya wimbo huo, wakati albamu ni santuri kubwa ya inchi kumi na mbili inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, hubeba zaidi ya nusu saa ya muziki, ina jalada lenye picha, na humtaka mnunuzi alipe mara kadhaa zaidi kwa kuamini kwamba kundi lina jambo la kusema kwa muda mrefu. Kabla ya hapo makundi ya ukanda huu yaliuza santuri ndogo. Kutoa albamu kulikuwa dai la hadhi, na WITCH walilidai bila kampuni yoyote kubwa nyuma yao. Waliitoa kama shughuli binafsi, wakaiuza kwenye maonyesho yao wenyewe, na sauti yake, iliyorekodiwa kwa mitambo michache, ni nyembamba na yenye mwangwi, dramu zikiwa mbali na sauti ya mwimbaji ikiwa juu ya kila kitu. Wakosoaji wa leo husifu wembamba huo kana kwamba ulikuwa uamuzi wa kisanii. Ni heshima isiyohitajika, kwa maana albamu zilizofuata zinaonyesha kwamba kundi lilipopata studio bora liliitumia mara moja.

Ugumu haukuishia studioni. Sauti ikisharekodiwa kwenye utepe hukatwa kwenye sahani laini ya kwanza, kutokana na sahani hiyo hutengenezwa muhuri wa chuma, na muhuri huo ndio hukandamiza plastiki moto ili kutoa nakala moja moja. Mashine za kazi hiyo zilikuwa chache sana katika Afrika ya Mashariki na Kati, na kitovu chake kilikuwa Nairobi, ambako wanamuziki wa Tanzania, Zaire, Uganda na Zambia walikwenda kurekodi, kuchapa santuri zao na mara nyingine kuishi. Musi-O-Tunya, kundi lingine la Kizambia lililokuwa na mpiga gitaa Rikki Ililonga, liliweka maskani huko kwa muda na kutoa Wings of Africa mwaka 1975. Barabara ya nchi kavu kutoka Nairobi hadi Lusaka hupita Tanzania na kutokea Tunduma, na kwa hiyo mji huo mdogo wa mpakani ulikuwa kwenye mstari uliounganisha mahali muziki ulipotungwa na mahali ulipogeuzwa kuwa kitu cha kushikika.

Kwa WITCH, mwaka 1974 ikaja In the Past na mwaka 1975 Lazy Bones!!, ambayo wapenzi wengi wa muziki huo huiweka kileleni. Ilitolewa na Zambia Music Parlour, lebo iliyoanzishwa na mfanyabiashara Edward Khuzwayo. Lebo, yaani chapa inayogharamia kurekodi, kuchapa na kusambaza santuri kwa jina lake, ilikuwa kiungo kilichokosekana, na Khuzwayo aliliziba pengo hilo kwa muda mfupi kwa kukusanya chini ya chapa moja makundi kadhaa, likiwamo Amanaz ambalo albamu yake pekee, Africa, nayo ni ya mwaka 1975. Katika Lazy Bones!! gitaa la Mbewe hupita kwenye fazi, ambacho ni kisanduku kinachowekwa kati ya gitaa na kikuza sauti ili kuvikata vilele vya mawimbi ya umeme hadi sauti safi igeuke kuwa mvumo mzito kama wa nyigu ndani ya debe, na pia kwenye wawa, pedali inayobanwa na kuachiwa kwa mguu ili noti ifunguke na kufumba. Nyimbo kama Strange Dream na Black Tears zinaimbwa kwa Kiingereza, lugha ya shule na ya redio, lakini dramu za Sinkala hazikai katika mpigo wa moja kwa moja wa roki ya Ulaya, zinapinda na kurudi, na besi ya Mulenga huzifuata kama mtu anayejua ngoma inapoelekea. Hapo ndipo mwandishi wa historia anapopaswa kusimama na kusema kwamba hii haikuwa nakala. Mtu aliyetaka nakala angeweza kuipata kwa kununua santuri ya kigeni, ambayo haikukosekana madukani.

Mapokezi ya wakati huo yalikuwa ya jukwaani kwanza na ya dukani baadaye. Maonyesho ya WITCH yalianza jioni na kuendelea hadi saa nane za usiku, polisi waliitwa kuzuia umati, na Jagari alijulikana kwa kuruka kutoka mahali ambapo mtu mwenye busara asingeruka. Osibisa, kundi la Waghana na Wakaribi lililokuwa na makao London, lilipozuru Zambia, WITCH walipanda nalo jukwaani na hawakuonekana wadogo. Siasa nayo iliwasaidia. Serikali ya Kaunda iliagiza kwamba redio ipige muziki wa nyumbani kwa sehemu kubwa mno, asilimia 95 kikiwa ndicho kiwango kinachotajwa mara nyingi, na agizo hilo, ambalo lengo lake lilikuwa kulinda utamaduni, likawa na matokeo ambayo pengine hayakutazamiwa: kwa vile halikusema muziki wa nyumbani uwe wa aina gani, vijana wa magitaa walilijaza pengo kwa roki yao wenyewe. Paul Ngozi wa Ngozi Family, ambaye gitaa lake lilikuwa kali kuliko la wengine na maneno yake yakilenga maisha ya mtaani, na Keith Mlevhu, aliyeweza kupiga karibu kila chombo, walifaidika na mlango huohuo.

Upande wa Tanzania lengo lilikuwa lilelile, njia ikawa nyingine. Katika hotuba yake ya Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba, twisti na rokenroli lakini hawakuzijua ngoma za makabila yao, na kauli hiyo ikawa msingi wa sera ya miaka iliyofuata. Novemba 1969 uongozi wa mkoa uliokuwa na dhamana ya Dar es Salaam ulipiga marufuku muziki wa soul katika kumbi za dansi. Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa kituo pekee Tanzania Bara, ilirekodi bendi kwenye studio yake, ikapiga nyimbo hizo nchi nzima, na kwa kufanya hivyo ikaupa muziki wa dansi wa Kiswahili nguvu ambayo Zambia haikuwahi kuwa nayo katika lugha yoyote. Hilo ni jambo kubwa na halipaswi kudharauliwa. Lakini wimbo uliorekodiwa hapo ulikuwa utepe wa redio, haukuwa bidhaa ya mwanamuziki. Hakukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri nchini, na bendi iliyotaka santuri ilibidi ipande gari kwenda Nairobi, njia ambayo nayo ilifungwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania kufungwa.

Makundi ya vijana yaliyopiga mitindo ya kigeni, kama Rifters na Sparks, yalikuwapo Dar es Salaam, lakini lililofika mbali zaidi kwa njia ya albamu ni Sunburst, lililoundwa jijini humo mwaka 1970 na kuwa na wanamuziki kutoka Tanzania, Zaire, Zambia na Jamaika. Walichanganya roki, soul na midundo ya kienyeji, wakatoa santuri ndogo tangu mwaka 1973, na albamu yao pekee, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976 baada ya kundi kuhamishia shughuli zake Zambia. Uhamaji huo ni ushahidi wenye uzito kuliko maelezo marefu ya sera. Kundi la roki la Dar es Salaam lilipotaka kuwa na albamu lilikwenda njia ileile waliyoipita manamba wa zamani, kusini, kuelekea kwenye shaba.

Njia hiyo ilikuwa ikibadilika mbele ya macho ya watu wa Tunduma. Baada ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, kujitangazia uhuru mwaka 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya bahari, na matokeo yake yakawa matatu: bomba la mafuta la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lililofunguliwa mwaka 1968, barabara kuu ya lami iliyochukua nafasi ya njia ya vumbi na tope ambayo madereva waliiogopa, na reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860, iliyojengwa kwa mkopo na mafundi wa China kuanzia mwaka 1970. Utandikaji wa reli ulifika Tunduma Agosti 1973, miezi michache tu baada ya mpaka wa Rhodesia kufungwa, na kutoka hapo ukaingia Zambia kupitia Nakonde na Kasama hadi Kapiri Mposhi. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Kwa miaka hiyo michache kila kitu kilichohitajiwa na uchumi wa shaba, kuanzia mafuta ya mitambo hadi bidhaa za madukani, kilizidi kutegemea ukanda huu, na Tunduma ikakua kutoka kituo cha mpakani hadi mji wa madereva, wabadilisha fedha na wafanyabiashara wanaozungumza Kiswahili, Kinyamwanga na Kibemba katika mazungumzo hayohayo.

Ni vigumu kutoona kejeli ya tarehe hizo. Bei ya shaba katika soko la London, iliyofika kileleni mwezi Aprili 1974, ilianguka kwa zaidi ya nusu kabla ya mwaka huo kwisha, na ilipofika siku ya kukabidhi reli, Zambia ilikuwa tayari inakopa ili kulipia bidhaa ambazo reli ingezileta. Albamu nyingi zinazosifiwa leo, Lazy Bones!! ikiwa mojawapo, zilirekodiwa katika kipindi hicho cha mporomoko, wakati fedha za miaka ya neema zilikuwa bado mifukoni lakini hakuna mpya zilizokuwa zikiingia. Fedha za kigeni zilipokauka, nyuzi za magitaa, taa za vikuza sauti na plastiki ya santuri viliingia katika orodha moja na dawa na vipuri, na havikuwa juu ya orodha hiyo. WITCH walitoa Lukombo Vibes mwaka 1976 na Including Janet mwaka 1977, na mara baada ya hapo Jagari aliacha jukwaa ili asomee ualimu, akapata kazi yenye mshahara wa uhakika. Vita vya ukombozi vya Zimbabwe vilileta mashambulizi ya ndege karibu na Lusaka na usiku wa hofu ambao haukufaa kwa maonyesho ya hadi saa nane, na Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walilipua madaraja ya mto Chambeshi, moja la barabara na jingine la reli, wakaukata mstari wa Tunduma na kusini katika sehemu yake muhimu. Kundi liliendelea kwa wanamuziki wengine na mtindo wa disko hadi Kuomboka ya mwaka 1984, lakini wakati huo kanda za kaseti zilizonakiliwa bila idhini zilikuwa zimekwisha kuua soko la santuri kote katika ukanda huu. Ukimwi ulikamilisha kilichobaki. Miongoni mwa wanamuziki wa WITCH wa miaka ya 1970, Jagari ndiye aliyebaki hai, naye alikuwa amegeukia uchimbaji wa vito.

Mapokezi ya pili yalikuja kutoka mahali ambapo hakuna aliyetazamia. Kuanzia muongo wa kwanza wa karne hii wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani walianza kutafuta nakala za zamani za muziki huo, ambao kwao ulijulikana kwa jina la Zamrock, na bei ya nakala chache zilizosalimika ikapanda hadi kiwango ambacho mchimba shaba wa mwaka 1975 asingekiamini. Lebo ya Now-Again ya Los Angeles, chini ya Eothen Alapatt, ilizichapa upya albamu za WITCH na mwaka 2012 ikazikusanya katika kasha moja, Jagari akaanza kupanda majukwaa ya nje akiwa mtu wa zaidi ya miaka sitini, na mwaka 2019 ikatoka filamu ya Gio Arlotta juu ya safari hiyo. Lebo ya Strut ya London iliwafanyia Sunburst kazi kama hiyo mwaka 2016, ikitoa rekodi zao zote za kati ya mwaka 1973 na 1976. Mwaka 2024 mwanamuziki wa Marekani Tyler, the Creator alichukua kipande cha wimbo wa Paul Ngozi wa mwaka 1977 na kukijenga ndani ya wimbo wake Noid, na mamilioni ya vijana wakasikia Kinyanja cha mitaa ya Lusaka bila kujua kuwa walikuwa wakikisikia.

Uamsho huo una upungufu mmoja ambao wasifiaji wake hawausemi sana. Msikilizaji wa Los Angeles huipokea Lazy Bones!! kama hazina iliyochimbuliwa, kitu kisicho na majirani, na hupenda hasa kile kinachofanana na roki aliyokwisha kuijua. Msikilizaji wa Nakonde au Tunduma wa mwaka 1975 aliisikia katikati ya rumba ya Zaire, dansi ya Dar es Salaam, nyimbo za kanisani na ngoma za harusi, na kwake ugeni wa gitaa la fazi haukuwa mkubwa kuliko ugeni wa tarumbeta ya beni kwa babu yake. Kuirudisha albamu hiyo mahali pake kunahitaji kuisikiliza pamoja na majirani hao, kazi ambayo kasha zuri la santuri haliwezi kuifanya.

Mwaka 2019, mwaka uleule wa filamu, marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja badala ya mbili. Muziki unaovuka hapo sasa ni wa Bongo Fleva kwenda kusini na wa Kizambia kuja kaskazini, na husafiri katika simu za madereva, hauhitaji muhuri wa chuma wala wa forodha. WITCH nao, Jagari akiwa na Patrick Mwondela wa kundi la miaka ya 1980 na wanamuziki vijana wa Ulaya, walirudi Lusaka katika Studio za DB, zilezile zilizorekodi roki ya zamani, wakatengeneza Zango, ambamo Sampa the Great, mzaliwa wa Zambia, anaimba wimbo mmoja pamoja nao. Albamu hiyo, ya kwanza kwa jina la kundi tangu Kuomboka, ilitolewa mwaka 2023, na ingawa ilirekodiwa nyumbani, lebo zilizoisambaza zilikuwa za ng'ambo.